Skrini Isiyopendeza

Walikuwa na siku tisa hawajasemeshana, msawazisha rangi na kaka yake, siku walipoingia pamoja kwenye duka la skrini kutafuta ya pili ya kazini. Kaka ndiye anayepiga picha za video. Dada hujifungia chumbani akazirekebisha rangi, mpaka ngozi ya mtu ionekane ngozi. Ugomvi ulizuka ukumbini, filamu yao ya wakunga ilipoonyeshwa mbele ya wakunga wenyewe. Kila uso ulitokea mwekundu kama umemwagiwa maji ya moto. Watu wakaangua kicheko. Kaka alisema ni rangi, dada akasema ni kamera, basi, wakanuniana.

Dukani, muuzaji aliwapeleka moja kwa moja kwenye skrini pana yenye kung'aa. "Hii rangi zake zinakurukia zenyewe!"

"Hatutaki za kuturukia," dada akamkata kauli.

Akatoa kwenye mkoba kifaa cha kupimia rangi alichoazima, akakibandika kwenye kioo. Kijivu cha skrini kilisomeka kibuluu. Akahamia skrini ya pembeni, nene, imefifia. Namba zikatulia mahali pake.

"Hii."

"Hii? Mbona imekaa kama imefiwa?" kaka aliguna. "Wewe kazi yako kubisha tu. Ile ya kazini nimekuambia mara ngapi uipime? Leo ndiyo umepata akili?"

"Ile naijua kama kiganja changu."

"Basi tukaipime."

Muuzaji alijifanya anafuta vumbi.

Waliichukua ile iliyofifia. Chumbani waliiweka ubavuni mwa ile ya zamani, wakawasha filamu kwenye zote mbili. Kwa ile ya zamani wakunga walikuwa weusi wazuri, wametulia. Kwa ile mpya, nyekundu ileile ya ukumbini. Dada akabandika kifaa kwenye skrini yake mwenyewe. Namba zilikuwa mbali: kwa miaka sita skrini hiyo ilikuwa ikipoteza wekundu kidogo kidogo, naye akiujazia bila kujua.

Kaka alivuta kiti, akakaa, akakunja mikono. "Enhe. Kamera yangu ina nini?"

Dada aliinuka. Alichomoa waya wa skrini ya zamani kwa nguvu hadi soketi ikalegea ukutani.

"Toka nifanye kazi."

"Hata pole huna!"

"Toka!"

Siku tatu alizisawazisha nyuso zile upya, moja moja, akijichukia na kumchukia kaka kwa kuwa sahihi. Wakunga waliipokea filamu, wakashukuru.

Mama yao alipowaita awapatanishe, kaka alisema kazi ataendelea kuileta, ila atamwachia mlinzi wa jengo.

"Afadhali," dada akajibu. "Mlinzi hana domo."

Mama akawatazama, akasonya, akarudi jikoni. Mpaka leo picha hupita mikononi mwa mlinzi, naye hajui kwa nini ndugu wale hawapandi ngazi moja.