Msimmalizie Maneno

Mama yangu ni msusi, na mdomo wake hauna breki. Ukikaa kwenye kiti chake pale sebuleni atakuuliza swali, atalijibu mwenyewe, kisha atakushukuru kwa mazungumzo mazuri. Mdogo wangu ana kigugumizi, basi mama amejifanya mkalimani wake tangu utotoni. Kijana akianza neno, mama kashalimaliza. Wateja wakambandika jina la Taratibu, likamganda.

Taratibu alisoma sheria mwaka mmoja katika chuo kikuu cha serikali, kile ambacho wazazi wanakitaja huku wametanua kifua. Sheria aliichagua mama. Ukumbi ulikuwa na watu mamia, waliochelewa wakisimama madirishani, na aliyetaka kujibu alipitishiwa kipaza sauti. Siku kilipomfikia Taratibu, kicheko kilianzia nyuma kikashuka mpaka mbele. Mwenzake mmoja, kwa nia njema kabisa, akachukua kipaza sauti akamjibia.

Mitihani alifaulu yote. Ila alirudi likizo amekonda, akashinda kwa baba mdogo, fundi mwashi, akimshikia kamba na kumsomea vipimo. Likizo ilipokwisha akasema harudi kule. Anataka kuhamia chuo kingine cha serikali, asome upimaji ardhi. Mama alinuna mpaka wateja wakaanza kusukwa kimyakimya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ubaya wa kuhama ni kwamba chuo cha kwanza kikishakuachia, hakikurudishi tena. Barua ya kumwachia ilitoka, na kitanda chake bwenini akapewa mwingine. Kilichobaki ni kuonana na mkuu wa idara huko alikotaka kwenda. Akikataliwa, kule hayupo na huku hayupo.

Mjomba, ambaye hakosi ushauri, akasema, "Semeni mama yake anaumwa. Anayehamia karibu na mzazi mgonjwa hawamkatalii." Mama alifoka kwamba asitabiriwe maradhi. Lakini nilimwona akilitafuna lile neno.

Tulikwenda watatu. Kwenye korido tulipishana na wanafunzi wenye matope viatuni, wamebeba mabegani vyuma vya miguu mitatu vya kusimamishia darubini. Taratibu aliwakodolea macho kama mtoto dukani.

"Mama, mle ndani tafadhali unyamaze," nikamwambia.

"Kwani mimi nimesema nini?"

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa makamo. Ramani zilikuwa zimetandazwa mezani, zimekandamizwa kwa mawe zisipeperushwe na feni. Tukamwamkia, akatuonyesha viti.

"Alama zako nzuri," akamwambia Taratibu. "Na watu wanalilia sheria. Mbona unahama?"

Taratibu akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamtoka, neno likagoma. Nikahisi mama anajiweka sawa kitini, na kabla sijamgusa akaingia.

"Ni kwa ajili yangu, mwalimu. Mgongo unanitesa, na sina mwingine wa kuniangalia."

Na mimi nimekaa hapohapo, mtu mzima mwenye afya zangu.

Mkuu akachukua kalamu. "Pole, mama. Hiyo ni sababu tunayoikubali. Ndivyo ulivyotaka kusema, kijana?"

Angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha. Sifichi, nilimwomba Mungu aitikie. Taratibu akatikisa kichwa kukataa. Mama akamtolea macho.

"Mama ha... haumwi," akasema.

Mkuu akaiweka kalamu chini. Hakuangalia saa, wala hakumsaidia hata kwa herufi. Mama akavuta pumzi ya kusema, nikamfinya paja kwa nguvu zote. Nilijua hapo ndipo tunampoteza au tunampata.

"Kule kila mtu ananimalizia," akasema. "Na nyu... nyumbani pia. Kwa baba mdogo, nikisoma kipimo, mafundi wote wananyamaza. Wananisubiri mpaka niseme. Nataka ka... kazi hiyo."

Nimeyaandika upesi. Yeye yalimchukua muda mrefu, na sisi tulikaa tukayasubiri.

"Nani ametunga uongo wa mgongo?" mkuu akauliza.

"Si yeye, mwalimu," mama akasema kwa sauti ndogo. "Yeye hahusiki. Ni mimi."

Mkuu akaichukua tena kalamu. "Sababu kama yako wakubwa wangu hawaipendi," akamwambia Taratibu. "Nitakwenda kubishana nao, na huwa sishindwi. Jumatatu tuko uwanjani. Vaa viatu vya kufunika."

Kutoka pale mpaka kituoni mama hakutamka kitu. Nikaogopa kwamba mgongo umemuuma kweli.

Gari letu likaja, viti vitupu, kondakta anatuita. Taratibu akamshika mama mkono. "Mama, ni... ni..."

Mimi nilishammalizia moyoni: nisamehe, ninakushukuru, nimekuaibisha. Bila shaka mama alikuwa na yake mengi zaidi. Lakini alisimama pale, midomo kaibana, anamtazama mwanawe. Kondakta akagonga bati. Gari likaondoka.

"Nina njaa," akasema Taratibu.

Mama akacheka mpaka akafuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Kisha tukakaa kwenye benchi kusubiri gari lingine.