Kisu cha Kukunja cha Baba

Mti wa mpera ukichongwa ungali mbichi hutoa harufu ya ukakasi, kama jani lililotafunwa, na harufu hiyo ndiyo iliyojaa uani kwa bibi yangu Makunduchi mwaka uliofuata Mapinduzi. Tulikuwa tumehamia huko, kwao mama, tukitokea mjini Unguja. Baba alikuwa seremala katika karakana moja mtaa wa Mlandege. Mwenye karakana alipoondoka nchini, mlango ulitiwa kufuli, na randa, misumeno na patasi za baba zikabaki ndani. Alichotoka nacho ni kisu cha kukunja kilichokuwa mfukoni mwake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, binti yake wa pekee, na kila alipochonga nilikaa karibu yake.

Kwa kazi ndogo kisu kile hakikuwa na kosa. Kilichonga miko na vigingi vya mbuzi, kilimenya maganda ya fito kama kinamenya embe, na kikinolewa kidogo juu ya jiwe kilirudisha makali. Lakini kila kazi ilikiacha kimelegea zaidi, chuma kikicheza kwenye pini inayokishika na mpini. Baba aliigonga pini kwa jiwe, ikakaza, kisha ikalegea tena.

Mama alikuwa mjamzito, nasi tulilala chini, mikekani. Baba akaazimia mtoto azaliwe kitandani. Fito alizipata bila taabu. Matendegu, miguu ya kitanda, ndiyo yaliyomshinda, kwani yalitaka gogo lipasuliwe. Mjomba Haji, kaka yake mama, alipomwona akihangaika, alimletea panga.

“Shemeji, chukua hili. Hicho si kisu cha kupasulia gogo.”

“Chakula chenu nnakula, nyumbani kwenu nnalala,” baba alimjibu bila kuinua macho. “Kitanda hiki niachieni mimi.”

Mjomba aliliegemeza panga ukutani, akaenda zake.

Baba alilisimamisha gogo, akaweka makali juu yake, akawa anakipiga kisu mgongoni kwa kipande cha kuni. Gogo likaanza kupasuka. Alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tuhame. Kisha makali yakanasa. Alipokizungusha kisu ili kukinasua, pini ilikatika, na chuma kikajikunja juu ya vidole vyake.

Hakupiga kelele. “Mwite mama yako,” aliniambia, “lakini usimkimbize.”

Hospitali walimshona na jeraha likapona, ila vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Kitanda alikimaliza mjomba, baba akitazama kutoka mlangoni, na mdogo wangu alikuwa ameshazaliwa mkekani. Baba alijifunza kufunga vifungo na kubeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Kula kwa mkono huo alikataa katakata. Mama alimlisha chumbani, mlango umefungwa, nami nilikaa nje nisiruhusu mtu kuingia. Useremala hakuurudia mpaka anafariki.

Siku hizi vitanda huletwa Makunduchi kwa gari, vimeshapakwa vanishi, na mdogo wangu ana mashine inayokata gogo kabla hujamaliza salamu. Kazi imekuwa nyepesi, nami nashukuru. Wajukuu wangu hula wakicheka, wakasukuma sahani zikiwa na wali nusu. Siwagombezi. Nazikusanya kimya kimya, nikimsikia baba, mtu mzima, nyuma ya mlango akisema, “Nshashiba,” baada ya matonge machache tu.