Masika alivyofungwa tundu la tumboni bila kupasuliwa tumbo lote

Wakuu, habari za huko mliko. Niko Kisangani, commune ya Kabondo, nauza maharage. Hii ilitokea nyumbani kwangu, siongezi chumvi.

Binti yetu Masika alizaliwa njia ya haja kubwa imeziba. Madaktari wakamtoboa tumboni, wakatoa utumbo nje, choo kikawa kinapitia pale. Baadaye wakamtengenezea njia chini. Ikabaki kurudisha utumbo ndani.

Vita ikachacha mashariki. Ndege zikasimama, daktari tuliyemngoja kutoka Kivu aje kuurudisha hakufika.

Hata mifuko ya kubandika tumboni ikaadimika. Mke wangu akawa anamfunga vipande vya kitenge, anafua, anaanika. (Majirani walidhani tuna kichanga kingine.)

Alipofika umri wa shule, shule ikamrudisha nyumbani. Eti harufu.

Bon, siku moja tukasikia kuna daktari mjini anafanya upasuaji wa kamera. Akatueleza: anaingiza kamera kwa tundu dogo, anaachanisha utumbo ulioshikana, kisha anaunganisha ncha mbili na kufunga palepale palipotobolewa.

Mke wangu akagoma.

"Docteur, mutoto alishakatwa ya kutosha. Na courant ikikatika?"

"Mama, jenereta iko. Na kamera ikikataa, nitafungua tumbo kama zamani, nimalize. Siwezi kumuacha katikati."

Hilo jibu ndilo lililomlainisha. Hakutuficha kitu.

Wakuu, kungoja nje ya mlango wa chumba cha upasuaji msikie tu. Nilianza sala, katikati maneno yakanipotea.

Masika akatoka salama, na vidonda vidogo.

Siku chache baadaye, akapiga kelele kitandani palepale hospitalini:

"Papa! Kuna kitu inataka kutoka huku chini! Naogopa!"

Mke wangu akamkalisha kwenye poti huku analia na kucheka.

"Usiogope. Ni mavi tu. Watu wote wanafanya vile."

"Hata papa?"

"Hata papa."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hadi muuguzi.

Mwanzoni alijichafua, ngozi ikachubuka, tukavumilia. Leo anasoma. Maîtresse, mwalimu wake, analalamika kwamba anaomba ruhusa ya choo kila saa. Nadhani ni maringo.

Nilichojifunza: msimfiche nyumbani mtoto wa hivi, na muulizeni daktari lile swali mnaloliogopa.

Kama una mtoto anayesubiri kufungwa tundu, andika hapa chini. Mke wangu ameketi kando yangu, atakujibu yeye mwenyewe.