Usiichomelee Ngao ya Trekta

Umenikumbusha siku moja, mwanangu, ulipokuja jana na lile trekta lako kuniuliza ni fundi gani hapa Nyantakara anaweza kuichomelea ngao ya mbele isitoke tena. Uliona nimenyamaza ukadhani sijasikia, ukarudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Nilisikia tangu mara ya kwanza. Ila nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye shamba moja la Nyabusozi, ndani ya majani marefu, nikiwa bado kijana mwenye nywele na mwenye haraka ya kuoa.

Kaa basi. Chai ipo, na mvua hii haiishi sasa hivi.

Miaka ile ilikuwa ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Rwanda pale Rusumo wakajaa barabarani, magodoro kichwani, watoto mgongoni, wazee wakisukumwa kwenye baiskeli. Kambi zikaota kule Ngara, na miti ikakatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki visiki. Sitakudanganya kwamba sote tulikuwa na roho nzuri. Tuligawana nao maji na mihogo, ndiyo, lakini sufuria likikosekana tulikuwa na mtu wa kumtaja kabla hatujalitafuta. Hata jembe ulilolisahau mwenyewe shambani, ukiulizwa, limechukuliwa na mkimbizi.

Babu yako Baltazari, baba yetu mimi na baba yako, ambaye hukumwahi, alikuwa na trekta kuukuu. Alilima mashamba ya watu, na mimi mwanawe ndiye niliyekuwa dereva. Mbele ya trekta alitengenezewa ngao ya mabomba, katikati ina wavu wa waya, ili matawi yasivunje taa na visiki visitoboe rejeta. Chini ilishikwa na bawaba, juu ilifungwa kwa bolti mbili. Ukizitoa hizo bolti ngao inalala mbele, mkono unaingia, unasafisha rejeta, unairudisha. Ilikuwa ngao nzuri, na baba aliipenda kuliko alivyonipenda mimi.

Nami nilikuwa nimempenda Konsolata, binti wa Mzee Tadeo wa Nyabusozi. Mzee Tadeo alikuwa mkulima, na alitengeneza baiskeli za majirani. Alitoka Rwanda akiwa amebebwa mgongoni na mama yake, katika ukimbizi wa zamani, akakulia huku, akalima huku, tukasali naye kigango kimoja. Hakuna aliyekuwa akimwita mgeni. Lakini walipofika wageni wengi, na yeye akageuka mgeni upya, kama vile miaka yote ile haikuwahi kupita.

Sasa sikiliza. Jumapili moja nilitoka kazini nikaliegesha trekta nyumbani kwa Mzee Tadeo, nikaingia kula. Jumatatu baba alipolizunguka trekta kama kawaida yake, akakuta bolti zote mbili za juu hazipo, ngao inaning'inia.

"Jana uliliacha wapi?" akaniuliza.

"Kwa Mzee Tadeo, baba."

Hakuhitaji neno jingine. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka ibadani, alimsimamia Mzee Tadeo mbele ya majirani wote. "Bolti zangu zimebaki kwako," akamwambia. Mzee Tadeo akajibu taratibu, "Mzee mwenzangu, kwangu hakuna bolti yako." Baba akageuka, akanitazama mimi. "Habari ya yule binti imekwisha. Sitachangia damu na wezi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Konsolata alikuwa pale pale, kashika mkono wa mama yake, na alisikia kila neno.

Kesho yake baba alilipeleka trekta mjini Biharamulo, fundi akaichomelea ngao juu kulia na juu kushoto. Baba akaitikisa, ikagoma kutikisika, akafurahi. "Sasa waje," akasema. Ndilo neno ulilolisema wewe jana, mwanangu, kwa maneno yako.

Lakini baba alikuwa amekwisha kuahidi kumlimia Mzee Tadeo shamba la vuli, na baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa alilolisema, liwe zuri au baya. "Nalima kwa sababu niliahidi," akaniambia. "Chai yao sinywi." Safari hii akapanda trekta pamoja nami, akakaa juu ya madigadi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, ili ahakikishe nakwenda kulima na si kuchumbia.

Shamba lile lilikuwa limepumzishwa, majani yamekomaa, yana mbegu kavu zenye manyoya. Trekta likiyapita, makapi yanaruka kama vumbi. Tulilima vizuri mpaka jua lilipoanza kuchoma, ndipo nikaona geji ya joto imepanda. Nikapunguza mwendo, ikazidi kupanda. Nikazima kabla injini haijachemsha.

Nilipochungulia ndani ya wavu, rejeta haikuonekana. Makapi yalikuwa yameilalia kama blanketi, hata hewa haipiti. Zamani ningetoa bolti mbili na kazi ingekwisha pale pale. Sasa ngao imechomelewa, na kati yake na rejeta mkono haupiti. Nikaingiza kijiti, kikavunjikia humo. Nikamwagia maji, makapi yakawa tope. Baba akazunguka, akavuta mabomba kwa mikono miwili, yakagoma, vile vile alivyotaka yagome.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. Nusu ya shamba haijalimwa. Kulilazimisha trekta kurudi mjini likiwa hivyo ni kuiua injini, na injini ile ndiyo iliyotulisha sote. Nikasimama pale nikawaza: leo trekta linakufa hapa, na ndoa yangu inazikwa palepale kwenye mtaro. Nilikuwa na hofu, mwanangu, wala sioni aibu kukuambia.

Mzee Tadeo alikuwa kando ya shamba na jembe lake, anachimba kona zile ambazo plau haifiki. Akaja polepole. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamgeukia baba.

"Mzee, mimi nina msumeno wa chuma. Lakini ngao ni yako. Ukisema nikate, nakata. Ukisema nisiguse, siigusi."

Baba akaangalia mawingu. Akaangalia trekta. Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta mawingu.

"Kata," akasema.

Mzee Tadeo akakata, nami nikampokea alipochoka, tukapokezana mpaka kiganja kikavimba. Konsolata akaleta maji kwenye kibuyu. Mimi alinipita kama kisiki. Akapiga magoti mbele ya baba, akampa. Baba akanywa yote. Baadaye alijitetea kwamba yeye aliapia chai, maji hakuyataja.

Ngao ilipoachia tukailaza mbele, makapi yakamwagika. Na pale chini ya rejeta, kwenye chuma cha kushikilia, palikuwa na bolti imelala, ina grisi bado. Bolti yetu. Haikuibwa na mtu. Nati yake ililegea kwa mtikisiko wa barabara, ikaanguka njiani, bolti ikachomoka na kutumbukia ndani. Ile ya pili bila shaka ililegea vivyo hivyo ikadondokea barabarani. Na fundi alichomelea juu yake bila kuchungulia.

Tuliiona sote watatu. Baba akainama, akaiokota, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfukoni. Mzee Tadeo akachukua brashi ya baiskeli akaanza kusafisha rejeta, mstari kwa mstari, kwa upole kana kwamba anamchana mtoto nywele. Mimi nilimkasirikia baba siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Lakini alikuwa baba yangu, nikaendelea kufagia makapi.

Ikabaki shida ya kuirudisha ngao. Bolti ni moja, haina nati, na imo mfukoni mwa mtu. Mzee Tadeo akaingia nyumbani kwake, akatoka na komeo la mlango, nondo nene aliyokuwa akiipitisha nyuma ya mlango kila jioni. Mkewe akatoka akimfuata.

"Baba Konsolata! Na sisi leo tutafunga na nini?"

"Tutaegemeza kinu."

"Kinu! Na watu walivyojaa huko barabarani?"

"Kinu ni kizito, mama. Tutaegemeza kinu."

Akaikata ile nondo katikati, akapinda vichwa kwa nyundo juu ya jiwe, akapitisha vipande viwili kwenye matundu ya zamani ya bolti, akavizuia kwa waya chini. Ngao ikakaa. Ukivuta waya, inafunguka. Tukawasha trekta, geji ikatulia, tukamaliza shamba matone ya kwanza yakianza kudondoka.

Tulipokaribia nyumbani baba akasema, si kwangu, kwa hewa tu: "Wataegemeza kinu."

Haikupita wiki, akaniita. "Tafuta shati safi. Tunakwenda Nyabusozi." Akachukua kaka zake na shangazi zangu, akabeba na rubisi, maana pombe ya ndizi haikosekani kwenye shughuli kama ile. Kumbe alikuwa amewatumia habari wale majirani waliosikia siku ile ya ibada, nao wakaja. Tukaketi. Mshenga wetu akakohoa ili aanze. Baba akamzuia kwa mkono, akasimama yeye.

Akatoa ile bolti mfukoni, akaiweka kwenye mkeka katikati ya watu.

"Hii ndiyo bolti niliyosema imeibwa hapa. Ilikuwa ndani ya ngao yangu mwenyewe. Niliiona siku ile na nikaificha. Sina raha tangu hapo. Mzee Tadeo, nilikuita mwizi mbele ya watu hawa, na mbele yao nakuomba msamaha. Ukininyima huo, lile la pili lililotuleta sitalitaja."

Kisha akatoa kwenye kikapu nondo mpya, imekatwa kwa kipimo cha mlango, akaiweka kando ya bolti.

Mzee Tadeo akaiokota bolti, akaigeuzageuza.

"Na nati yake?"

"Sijui iko wapi."

"Basi mzee, ikionekana kwangu nitakuletea."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama Konsolata, kisha nyumba nzima. Mimi nililia, mwanangu, kijana mzima na shati langu safi. Mzee Tadeo akampa baba mkono, akamwambia, "Haya, litaje hilo la pili."

Hilo la pili ndiye huyu mama yako mkubwa anayekumiminia chai. Mwulize kama nimeongeza chumvi. Na ile ngao ipo nyuma ya migomba, trekta lake lilishakufa siku nyingi, lakini vile vipande vya nondo bado vimo kwenye matundu yake.

Kwa hiyo usiichomelee ngao ya trekta lako. Ifunge kwenye chesisi, si kwenye pua ya trekta. Acha nafasi ya mkono kati yake na rejeta. Chini weka bawaba, juu weka bolti zenye washa za kubana, na kila asubuhi uziguse kwa spana kabla hujawasha. Kwenye majani makavu simama mara kwa mara uifungue, usafishe. Wala usisukumie miti. Ile ni ya kukinga tawi, haikutengenezwa kupigana na msitu. Na siku bolti ikikosekana, anza kutafuta ndani ya trekta lako kabla hujaenda mlangoni kwa mtu. Ukishamtaja mtu kwa ubaya ukagundua umekosea, rudi umsafishe mbele ya wale wale waliokusikia, usimnong'oneze pembeni. Babu yako alijifunza hilo akiwa mtu mzima. Wewe nakupa ukiwa bado kijana.

Nenda ukalime, mwanangu. Mungu alitie baraka trekta lako na mikono yako. Akupe mlango wenye komeo imara, na akupe jirani ambaye siku akikwama utalichomoa komeo hilo umpe, nawe ulale umeegemeza kinu bila hofu.