Mikono Isigande

Asubuhi ile niliondoka Nachingwea kabla chai haijachemka. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya soko, nikisuka nywele kwenye baraza la duka la vitenge, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Hakuna aliyenifukuza. Niliamka tu nikaona nimeshazijua njia zote za pale, hata mbwa wa nani anabwekea nini, basi nikatia chanuo, sindano na mabunda ya rasta kwenye mkoba. Mwenye nyumba alinikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

"Haya. Ukifika, piga simu utuambie ni wapi."

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza. Msusi ana bahati hiyo. Mtu anakaa mikononi mwako nusu siku, na ukiwa umemshika nywele hawezi kuyakimbia maswali yako.

Kwenye njia ya kutokea mjini palikuwa na gari la kusambaza mikate. Dereva alikuwa anakwenda Ruangwa, kwa hiyo na mimi nikaenda Ruangwa. Nilimuuliza habari za hamira, za moto wa tanuri, za mikate inayorudi bila kununuliwa inapelekwa wapi, mpaka akaongeza sauti ya redio.

Ruangwa nilishuka penye nyumba nyingi ili nitafute vichwa vya kusuka. Nilipopita kwenye kichochoro kimoja nikaona vijana wamejipanga ukutani, wamechuchumaa, simu mkononi, hakuna anayesema na mwenzake. Pikipiki zao zilikuwa zimeegeshwa juani.

"Mnafanya nini hapo?" nikauliza.

"Tunanyonya, dada."

"Mnanyonya nini?"

"Waifai ya mama wa humu ndani. Kaa na wewe unyonye, ukutani hakuna kiingilio."

Pembeni mwa ukuta huo palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuweza kurudisha gari lililokwishaondoka. Alimimina chai akiwa ameinua birika juu ya kichwa chake, kikombe kikiwa chini kabisa kiunoni, na tone halikudondoka nje. Niliagiza kikombe kwa sababu ya kutaka kuona tena.

Sijamaliza kukinywa, mlango wa nyumba ile ukafunguka. Akatoka mama mwembamba, mtu mzima, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani, simu ameibana kifuani.

"Nani kati yenu anajua kubadilisha paswedi?" aliwauliza vijana.

Wakainama wote. Mmoja akaanza kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

"Mama, ukibadilisha sisi tutaishije?" mwingine akasema.

"Kama mlivyoishi mwaka juzi."

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi najua."

Nilikuwa nimeona ikifanyika mara moja tu, Masasi, wakati namsuka mwalimu mmoja aliyekuwa anaifanya kwenye simu yake, nami nikichungulia juu ya bega lake. Lakini yule mama aliuliza kama mtu aliyeamua, na mimi mtu aliyeamua hunivuta.

Ndani, boksi la waifai lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio za zamani. Nilipoligusa lilikuwa la moto. Mama akanikaribisha kiti, akanieleza.

Ana binti mmoja, na binti huyo hasikii tangu kuzaliwa. Anafanya kazi kwa fundi cherehani Masasi. Walipokuwa wawili nyumbani walijitungia lugha yao ya mikono, ishara baada ya ishara, ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua. Mama mwenyewe hasomi vizuri, na Kiswahili chake, alivyosema, ni cha sokoni. Kwao ni Kiyao. Kwa hiyo ujumbe wa kuandika haumsaidii, na simu ya sauti haimsaidii binti. Mdogo wake mama, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyenunua lile boksi na ndiye analilipia, ili wawili hao waonane kwa video kila jioni.

"Jana alikuwa anasema jambo la fundi wake," mama alisema. "Uso wake haukuwa mzuri. Halafu hawa wa nje wakaanza kutazama mpira wao kwenye simu, picha ikaganda. Mkono wake ukabaki hivi, hewani. Nikangoja. Ikakatika. Sikulala. Sijui kama anaumwa, kama anapigwa, kama nikamchukue. Leo jioni atapiga akitoka kazini, na leo nataka nimwone mpaka mwisho."

"Kwa nini usiwafukuze tu?"

Akacheka bila furaha, akaelekeza kidevu upande wa kibanda cha chai. Yule mama wa chai ni Mngoni, yeye ni Myao, na Wangoni na Wayao ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, na ukikasirika aibu ni yako wewe. Siku boksi lilipoletwa, jirani huyo aliingia bila hodi, akalinyanyua, akalipiga picha mpaka chini, ati anataka kujua nchi lilikotengenezwa. Kesho yake kila anayekunywa chai alikuwa na neno la siri.

Nililigeuza boksi. Kwa kawaida chini huwa kuna karatasi iliyogandishwa, imeandikwa namba za kuingilia. Ya hili ilikuwa nyeupe, safi kama sahani.

"Mama, hapa palikuwa na maandishi?"

"Yalikuwepo. Nalifuta kila Ijumaa kwa kitambaa na sabuni kidogo. Chombo cha watu nikiache na vumbi?"

Simu yake ilikuwa tayari imeunganishwa, kwa hiyo tulianzia hapo. Nilifungua mipangilio, nikagusa jina la mtandao wake, nikaona anwani ya boksi lenyewe, nikaiandika kule juu wanapoandika anwani za mtandao. Ukurasa ukafunguka. Nikafurahi kama mtu aliyefungua mlango wa serikali. Lakini ukurasa ule ulitaka neno la siri la pili, la mwenye boksi, si lile la kunyonyea. Nikabahatisha mara kadhaa, mwisho ukaniambia nisubiri.

Kijana mmoja alikuwa ameshafika dirishani.

"Dada, hapo nyuma kuna kitundu. Chomeka sindano, hesabu taratibu, linarudi jipya kama la dukani!"

Sindano ninazo siku zote. Nilikitafuta kitundu, nikaiingiza ncha. Hapo nikasita. Likirudi jipya litataka maneno ya siri ya dukani, na maneno ya dukani yamefutwa kwa sabuni. Hata simu ya mama, ambayo sasa ilikuwa ndani, ingebaki nje. Nikaitoa sindano. Yule kijana akacheka, na mpaka leo sijui kama alinishauri kwa wema.

"Nani mwingine aliwahi kuona hii karatasi kabla hujaifuta?" nikamuuliza mama.

Tukatazamana. Akajifunga khanga vizuri, akatoka, mimi nyuma yake.

"Mtani," alianza, "ile picha uliyoipiga siku ile, unayo bado?"

"Ya boksi ninayo. Yako nilifuta, ulitoka vibaya."

Vijana wakacheka. Mama hakucheka.

"Nipe. Nataka kubadilisha paswedi."

"Yaani nikupe kisu, halafu nikushikie na shingo yangu mwenyewe? Hawa wote wanakunywa chai yangu kwa sababu ya ukuta wako. Babu zangu waliwateka babu zako. Waifai imo kwenye mateka."

"Babu zako walikuja na mikuki, wakarudi na njaa. Nipe picha."

"Sitoi, Myao wee. Kalie."

Nilidhani atalia kweli, au atageuka aondoke. Badala yake aliinua mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine akaushusha kiunoni, kama anamimina chai kutoka mbali. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani.

"Huyo ni mimi," jirani akasema.

"Ndiyo, ndilo jina lako kwake. Jana alilitaja. Halafu akafanya hivi." Mama akakunja ngumi, akaiweka kifuani. "Halafu ikaganda."

"Alisema mimi nimefanyaje?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka picha."

Jirani akaliweka birika chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akatoa simu, akaanza kutafuta. Ilichukua muda: zilipita harusi, mbuzi, sufuria mpya, mjukuu amelala kwa kila upande.

"Hii hapa. Lakini kuku wako mmoja awe wangu."

"Chukua."

"Yule mweupe."

"Mweupe anataga!"

"Kumbe unafikiri namtakia nini, manyoya?"

Jua lilikuwa limeshapinda. Tulirudi ndani, mimi nimeshika simu ya jirani mkono mmoja na ya mama mkono mwingine. Picha ilikuwa imepinda, lakini herufi zilisomeka. Ukurasa ukanikubali. Nikazunguka humo kwa muda, nakiri, kwa sababu kila kitu kilikuwa kigeni kwangu. Niliona hata simu zote zilizokuwa zinakula humo, moja ikijiita Mfalme wa Stendi. Mama akanigusa bega.

"Mwanangu, saa inakwenda."

Nilipofika penye neno la siri jipya nilimpa simu yake, nikageukia ukuta. Neno ni lake, si langu. Nilimsikia akitafuta herufi moja moja kwa kidole, akipumua kama anayepanda mlima. La kwanza likakataliwa kwa kuwa fupi. Akaanza upya. Likataka liandikwe tena mara ya pili, na alipokosea mwishoni alisema kitu kwa Kiyao ambacho sikuomba nitafsiriwe. Akarudia. Hakuniomba nimsaidie hata mara moja.

"Imekubali," akasema.

Nikabonyeza penye kuhifadhi. Nje ukasikika ukelele mmoja, kama timu imefungwa bao. Halafu mama akanigeuzia simu, macho yamemtoka.

"Na mimi nimetoka! Umenifungia nje kwangu!"

Nilikaa chini, nikaifikiria taratibu, nikaelewa: boksi halimjui mtu, linajua neno tu. Nikamwonyesha jina la mtandao, akaandika lile neno lake kwa mara nyingine, mimi nikitazama ukuta. Alama ndogo ikarudi juu ya kioo. Nikakiondoa na kile kitambaa cha maua ili boksi lipumue.

Nje jirani alikuwa anawaambia vijana, "Kunyweni chai sasa mjue ladha yake. Mlikuwa mnakunywa bila kuonja." Wawili walibaki. Wengine waliwasha pikipiki.

Binti alipiga jua likielekea kuzama. Nilimwona kwa mbali kidogo: msichana mwenye futi ya kupimia shingoni. Mikono yake ilianza hata kabla mama hajaketi, na haikuganda. Ilikwenda haraka, ikakata, ikageuka, ikapiga meza, na mama akijibu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu, mpaka nikamshikia simu ili apate yote miwili. Sikuelewa chochote. Nimesuka vichwa vya watu wa makabila mengi na huokota maneno popote, lakini pale niliona watu wawili wakizungumza mazito mbele yangu bila kuniachia hata neno moja la kuokota.

Jirani akaingia bila hodi, akasimama nyuma yetu. Binti alipomwona akainua mkono juu, akamimina chai, akaweka ngumi kifuani, kisha akaisukuma ngumi ile mbele.

"Amesemaje? Amesemaje juu yangu?"

Mama alimaliza mazungumzo yake kwanza. Picha ilipoondoka alifuta uso kwa ncha ya khanga, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Haumwi. Hapigwi. Fundi hamruhusu kushona, anampa pasi na ufagio tu, ati mteja ataongeaje naye. Amepata kibaraza kwingine, cha kwake mwenyewe. Anataka cherehani yake. Na ile ngumi ndiyo hii: anataka nije na wewe."

"Mimi wa nini?"

"Ukaseme. Fundi amezuia vitambaa vyake na mkasi wake. Mimi nikisema hawasikii."

Jirani akavua aproni yake, akaikunja. Yule msichana hajawahi kuisikia sauti yake, lakini amekua akiona watu wanavyoruka ikitoka.

"Tunaondoka kesho na gari la kwanza," jirani akasema. "Nitavaa lile gauni la msibani. Ukilivaa wanaume hawabishi."

"Na nyumba?" mama aliuliza, kisha akanitazama. "Unalala wapi leo?"

"Sijui bado, mama."

"Basi unalala hapa mpaka turudi. Kuna kuku, kuna mtungi wa kujaza."

"Unamwachia nyumba mtu uliyemwona leo?" jirani akauliza.

"Ameona mpaka tumbo la boksi langu. Tena mama mkwe wako yuko ng'ambo ya ua, na yule hasinzii."

"Hasinzii kweli. Na wewe msusi, asubuhi niwashie moto wa chai, wateja wangu wasije wakahamia kwingine. Tangawizi kidogo, usiwakomeshe."

Cherehani ilikuwa kwenye chumba cha binti, imesimama chini ya dirisha, ya chuma, nzito kuliko ilivyoonekana. Tuliibeba watatu hadi sebuleni, tukagongana mlangoni, wao wakibishana ni nani ataketi nayo garini. Nikarudi chumbani peke yangu. Pale ilipokuwa imesimama nilifagia vipande vya nyuzi, nikatandika mkeka, nikautundika mkoba wangu kwenye msumari.