Majina ya Kusomwa Melita

Mama yangu alitaka kwenda likizo. Neno hilo alilipata Marekani. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma hatukuwa na mtu wa likizo. Lakini mwaka 2014, akiwa anakunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee huko Louisville, aliwasikia wenzake wakiulizana wataenda wapi kiangazi. Zamu yake ilipofika akajibu, "Melita." Hakuna aliyejua ni wapi. Akanipigia simu Columbus kuniuliza ni mwendo wa siku ngapi.

Mimi nilikijua kisiwa hicho. Ukuta wa kanisa letu la tope kambini ulikuwa umechorwa ramani ya safari za mtume, na bahari ilipakwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya zahanati. Hiyo ndiyo jiografia niliyosoma. Tulipofika Louisville waliniingiza darasani kwa kufuata umri wangu, si kwa nilichokijua. Nikavumilia mwaka mmoja, nikatoka. Tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza na kwa kuhamahama.

Katika Biblia, meli ya mtume ilivunjikia Melita, na wote waliokuwamo, wafungwa kwa mabaharia, wakafika nchi kavu. Hakupotea hata mmoja. Mama hakuwa na haja ya jua wala mchanga. Mwaka 1996 tulipokimbia kutoka Kongo, mtumbwi wetu ulipinduka katikati ya Ziwa Tanganyika. Mimi kuna mtu alinishika shati. Dada yangu hakushikwa na mtu. Kuanzia siku ile mama hakulitamka jina lake; akilazimika, alisema "yule mwenzako." Sasa alitaka asimame mahali ambapo watu wote walifika, alitamke pale mara moja, basi, arudi kukunja mashuka.

Nikaanza kazi ya kupanga. Nilikuwa naishi Whitehall, pembeni mwa Columbus, nikipakia maboksi kwenye ghala, na siku za mapumziko nilipanda mabasi mawili hadi maktaba ya Clintonville. Wakati mwingine nilishukia njiani, pale chuo kikuu, baada ya kugundua kwamba chumba chao cha ramani hakimwulizi mtu kitambulisho. Niligundua mambo yaliyonifurahisha kama mtoto. Melita siku hizi ni Malta. Ukitoka bara la Italia kwenda Sisilia, treni yenyewe huingizwa ndani ya feri, mabehewa yakitenganishwa mafungu mafungu, na wewe umekaa kitini. Mtume alipita Sirakusa akakaa siku tatu, nasi tungekaa tatu. Kisha tungeteremka hadi bandari ndogo ya kusini, na feri ya Malta ni chini ya saa mbili. Krete, alikopita mtume pia, niliifuta, kisha nikairudisha, kisha nikaifuta tena, maana magoti ya mama yasingeweza. Kila Jumapili nilimsomea kwa simu nilipofika katika mpango.

"Hiyo treni ndani ya meli," alisema, "ikizama?"

"Haizami, mama."

"Nani kakwambia?"

Pale ghalani alikuwepo mzee mmoja wa Bukavu, fundi wa kuendesha forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, aliyeniita petit, yaani mdogo, ingawa nilimzidi urefu kwa kichwa kizima. Chumba cha kulia chakula kilikuwa na televisheni, na kuanzia masika ya 2015 bahari yangu ilikuwa humo kila siku: maboti ya mpira yaliyojaa watu, majaketi ya rangi ya chungwa, maiti zilizofunikwa mablanketi.

"Petit, bahari yako ile pale," alisema. "Bon, watu wanakufia humo juu ya kukimbia, weye unaenda kupumuzika."

"Siyo kupumzika, mzee. Ni mama."

"Mama yako hajashiba maji?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikarudi kwenye maboksi yangu.

Mama alikuwa ameiona habari hiyo hiyo. Aliniuliza kama ni bahari ile ile, nikasema ndiyo. "Zamani walifika wote," alisema. "Basi twende tu."

Wakati huo kanisa lake lote la Louisville lilikuwa limeshajua. Wanawake wengi wa pale walivuka ziwa lile lile. Wa kwanza alikuja na jina la mumewe aliyezama, akaomba liandikwe ili mama alisome pia akifika Melita. Kesho yake wakaja wawili. Mama akanunua daftari la mistari, kila jina na mstari wake. Mstari wa kwanza, wa dada yangu, aliuandika yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa. Ile miezi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mtu aliyeaminiwa kitu. Walimletea vitenge vya safari. Walimwuliza kama kule kuna baridi.

Kilichobaki ni karatasi. Mtihani wa uraia ulikuwa umemwangusha mara mbili kwa sababu ya Kiingereza, kwa hiyo hakuwa na pasipoti, ila angeweza kuomba hati ya kusafiria ya mkimbizi, na baadaye viza. Fomu niliijaza mimi. Masanduku ya barua ya majengo anakoishi mama yalikuwa yamevunjwa, nikaona ni busara kuweka anwani yangu ya Whitehall. Nikaituma. Miezi miwili baadaye nikahamia Buffalo.

Sina sababu nzuri ya kutoa. Mtu aliniambia kiwandani Buffalo wanachukua watu, na kwamba ukisimama ufukweni unaiona Kanada. Nilitaka kuiona Kanada. Nilibeba mfuko mmoja na mpango wa safari ndani ya bahasha.

Kuhusu barua sikuwa na wasiwasi, wala anwani sikuibadilisha, na hapo ndipo kosa lilipo. Kambini, barua ndiyo iliyokutafuta wewe. Jina lako lilibandikwa ubaoni, na kama umehamia kwa shemeji yako kijiji cha pili, kiongozi wa mtaa alimtuma mtu akutafute, akuulizie hadi kisimani, kwa kuwa yeye ndiye angeulizwa uko wapi. Niliishi Marekani miaka saba nikiamini kwamba ofisi iliyonileta kutoka Kigoma haiwezi kushindwa kunipata Buffalo.

Mama alikuwa ameitwa kupigwa alama za vidole. Barua ilikwenda Whitehall ikakuta mtu mwingine. Nilipopiga simu uhamiaji kuulizia, tayari ni majira ya baridi, mwanamke mwenye sauti ya upole alinieleza kwamba ombi limefungwa, kwa kuwa mwombaji hakutokea, kwa hiyo limehesabiwa kuwa ameliacha. Nilimwomba arudie. Akarudia kwa upole ule ule.

Nilikwenda ufukweni kwa miguu. Ziwa Erie lilikuwa limeganda pembeni, na Kanada ilikuwa mstari wa kijivu tu. Nikampigia mama nikiwa pale, nikamwambia yote.

"Tutaomba upya," nilisema.

"Jina langu liliitwa, sikuitika."

"Mama, hapa si kambini."

"Sasa wewe, ulidhani ni wapi?"

Nikasema neno ambalo hadi leo ningependa kulirudisha. Nilimwambia hapa nilipo kuna maji makubwa, hayana mwisho, aje na daftari lake, tuyasome majina hapa hapa.

"Ni bahari?"

"Ni ziwa."

"Ziwa ndilo lililowachukua," alisema. "Niwapeleke tena huko?" Akakata simu.

Niliacha kazi Buffalo nikapanda basi kwenda Louisville. Fomu nyingine nilikuwa nayo mfukoni, nikaiweka mezani. Mama hakuigusa. Magoti yalikuwa yamevimba, na kazini walikuwa wamempunguzia siku. Hakunigombeza. Alinipikia maharage.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja mwanamke mmoja akiwa amejifunga kitambaa cheupe, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Dada, usinielewe vibaya. Kuna mchungaji wa Texas anakwenda nchi takatifu. Ningemwomba ampeleke wangu."

"Chukua," alisema mama. "Si wako?"

Kuchana ukurasa kungeondoka na majina ya wengine, kwa hiyo mama alileta wembe, akakata mstari mmoja kwa uangalifu, akaukunja na kumpa. Jumapili iliyofuata walikuja watatu. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na kila mmoja mama alimkatia kabla hajamaliza kueleza. Hakuna aliyenitazama.

Baada ya mwezi, ukurasa ulikuwa umebaki kingo zake na mstari wa juu tu. Nilimwuliza kama nao aukate.

"Utampa nani?" alisema, akalifunga daftari. Jina hakulitaja. Akaniuliza safari hii nahamia wapi.