Udaktari kwa Posta na Neno la Njiani

Miaka ile ya ruksa, maduka ya watu binafsi yalipoanza kujaa mjini Singida, mzee mmoja muuza vitambaa alileta mashine ya fotokopi. Nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari, na mashine ile ndiyo iliyonipa moyo wa kujiandikisha shahada ya uzamivu katika uandishi wa Kiingereza, kwa njia ya posta, kwenye chuo kimoja cha ng'ambo.

Watu huniuliza hadi leo jambo hilo liliwezekanaje. Chuo kinakupa msimamizi. Unaandika sura ya tasnifu, unabaki na nakala, unatuma. Msimamizi anasoma, anaandika maoni yake pembeni, anakurudishia. Huhami nyumba wala huachi kazi, na kwa sababu hiyo ada yake mwalimu anaiweza, akijibana. Kinachotakiwa zaidi ni subira, maana barua ilichukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi.

Mzee wa duka aliniruhusu kutumia sanduku lake la posta. Kila nikiingia alinitania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huo udaktari wako, nikiumwa tumbo utanisaidia?"

"Nitakuandikia insha, mzee."

"Haya. Nitakufa nikiwa nimeelezwa vizuri."

Siku bahasha ya sura ya kwanza iliporudi, hata yeye hakutania aliponiona uso. Tasnifu yangu ilihusu insha za wanafunzi wetu: kwa nini hata wale wanaokijua Kiingereza walikuwa wanapata alama za chini. Msimamizi wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa ameandika: "Nimesoma kurasa thelathini nikitafuta unachotaka kusema. Nimekikuta kwenye aya ya mwisho. Andika upya. Ikirudi hivi tena, nitashauri usajili wako usitishwe." Alinipa miezi mitatu.

Niliandika upya mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta palepale. Nilianza na historia ya shule za mkoa wetu, nikaja kwenye uhaba wa vitabu, nikapita kwenye lugha za nyumbani, na hoja yangu ikaja kuchungulia mwishoni kabisa. Nilijua kosa lilipo, lakini mkono ulikataa. Kuisema hoja kwenye mstari wa kwanza niliona kama kuingia nyumba ya watu bila hodi.

Nikiwa katika hali hiyo, mama mkwe wangu akaja kutoka Mungaa na kuku wawili na unga wa uwele. Alikaa siku mbili. Tuliongea habari za mvua, ng'ombe aliyevunjika mguu, ndoa za majirani. Mimi nilikuwa naitikia huku mawazo yangu yakiwa kwenye zile kurasa. Asubuhi ya siku ya tatu nikamsindikiza stendi. Tulipopita majabali, akasimama, akatua kikapu. Tulikuwa tukiongea Kinyaturu, lakini kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa haya:

"Mwanangu, nimesikia unasoma Ulaya. Unatuacha lini?"

"Siendi popote, mama. Nasoma kwa posta."

"Kwa posta? Wewe unabaki hapa, akili ndiyo inapanda ndege?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mimi siku tatu silali, nawaza wajukuu wangu watapikiwa na nani!"

"Sasa mbona hukuniuliza tangu juzi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali chakula kwa miguu. "Juzi ningekuulizaje? Ungeniambia unaondoka, tungekula vipi pamoja siku mbili? Neno zito linasemwa njiani. Likiuma, mimi nishaondoka, wewe unarudi kwako, hakuna aliyeaibika."

Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Mgeni wetu husema kilichomleta wakati anasindikizwa, na mwenyeji anajua kusubiri. Lakini sikuwahi kulisikia likielezwa, kwa hiyo sikuwahi kuliona. Basi lake lilipoondoka nilibaki nimesimama. Sura yangu ya tasnifu ilikuwa kama mgeni wa Mungaa: neno lake ililiweka hadi wakati wa kuondoka. Na wanafunzi wangu je?

Nilikwenda moja kwa moja shuleni, nikafungua kabati la insha za kidato cha tatu. Niliyoishika kwanza ilikuwa ya binti wa kutoka Mgori. Kichwa chake kilikuwa "Shule Yangu". Alieleza njia, msitu, nyuki, kengele, walimu. Nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu "Nje ya mada" tangu ukurasa wa kwanza, nikaacha kusoma. Sasa nikafika mstari wa mwisho. Ulisema kwamba yeye anakaa nyuma na maandishi ya ubaoni hayaoni vizuri.

Alitaka nimsindikize kurasa tatu nzima ndipo aniambie hilo, na mimi nilikuwa nimegeuka na kurudi kabla ya kufika.

Kesho yake nilimhamishia dawati la mbele. Kisha nikakaa na sura yangu, na safari hii mkono haukukataa, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba msimamizi wangu hasindikizi mgeni; neno analitaka mlangoni. Mstari wa kwanza niliandika kwamba wanafunzi wetu hawatoki nje ya mada, ila wanaiweka pale ambapo adabu ya kwao inataka, na sisi walimu hatufiki huko. Ushahidi wa kwanza ulikuwa sura yangu mwenyewe, ile iliyokataliwa.

Niliituma, na wiki sita zilipotimia, mzee wa duka alinipa bahasha kwa mikono miwili, akaenda kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari. Msimamizi alianza hivi: "Sura imekubaliwa. Endelea na ya pili." Nilimsomea mzee kwa Kiswahili. "Sasa tumbo liume tu," akasema.

Safari ya kufika mwisho ilikuwa bado miaka minne. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mungaa. Nilikula, nikauliza habari za mtama, nikamwona yule ng'ombe, nikalala. Asubuhi mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani, na hapo nikamwambia kwamba chuo kimenikubalia niendelee.

"Najua," akasema. "Nililiona usoni mwako tangu ulipoingia jana."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nasubiri tufike hapa."